Sura ya Tisa: Namba Nzuri za Jumapili

Jogoo alikuwa amefungwa kwenye mguu wa tangi la maji, na mguuni kwake palining'inia kikaratasi. Inspekta Mbithe aliinama akakisoma: "Shukrani ya Mavuno. Kundi la Akina Mama." Jogoo alimtazama kwa dharau, na Mbithe akamrudishia.

Nyumba ilikuwa imejaa waombolezaji. Alimuuliza mama mmoja aliyekuwa akimenya viazi karibu na tangi kama kuku wa kanisa siku hizi wanatembea na vitambulisho. Mama yule hakuhitaji kuombwa mara mbili. Alieleza kwamba huyo ni jogoo wa mnada. Kimeu, kitinda mimba wa marehemu na mpiga kinanda wa kanisa, ndiye aliyemnunua Jumapili kanisani Mitaboni, akishindana na mwanakandarasi mmoja mpaka watu wakasimama kuangalia. Alipompata alimwinua juu kama kombe la mpira. Pasta akasema apigiwe makofi, akapigiwa.

"Mnada ulikuwa baada ya ibada?" Mbithe aliuliza.

"Baada ya ibada nani angebaki, mwaitu, mama yangu? Hufanywa katikati, kabla ya mahubiri. Pasta anatujua."

Mbithe alimshukuru. Alitoa simu akampiga jogoo picha, mguu kwanza.

Marehemu, Mzee Jeremiah Mulwa, alikuwa mwalimu mstaafu mwenye ugonjwa wa sukari. Jumatatu hadi Jumamosi alitunzwa na mwanamke aliyeitwa Mwelu, ambaye alimdunga kidole, akampima sukari, akampa chakula na kumchoma sindano ya insulini. Jumapili Mwelu alikwenda misa kwao, akarudi wakati wa chakula cha mchana. Asubuhi hiyo moja tu kwa wiki, kazi ilikuwa ya Kimeu. Kijana huyo alikuwa na miaka thelathini na nne na cheti cha kompyuta, ambacho alikuwa amekitundika sebuleni juu ya picha ya arusi ya wazazi wake.

Taarifa aliyoiandikisha kituoni ilikuwa fupi na imenyooka. Jumapili alikuwa nyumbani asubuhi yote. Alimpima baba kila saa, namba zote zikawa nzuri. Mwelu aliporudi, yeye akatoka kidogo. Mara akasikia kelele. Mzee alikuwa amelowa jasho, haitiki. Hospitalini walikuta sukari imeshuka karibu kuisha, na alikata roho kabla daktari hajapata mshipa. Mashine ya kupimia ilikuwa imepotea. Mwenye kushika sindano ni nani? Mwelu. Basi ni Mwelu aliyemzidishia insulini. Bosi wa kituo, Chifu Inspekta Muema, aliichukua taarifa hiyo kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu familia ilifika na magari mawili na mjane wa diwani, naye Muema huheshimu magari. Mwelu alilala mahabusu tangu jana. Saa nane mchana angepelekwa kortini kujibu shtaka la kuua.

Na ushahidi mkubwa, ule ambao Muema aliugonga kwa kidole kama mtu anayejaribu tikiti maji, ulikuwa zile namba.

Mbithe aliomba kuziona tena. Pauline, dada mkubwa wa Kimeu, aliyefanya kazi katika kiwanda huko Mavoko na kulipia kila kitu katika nyumba hiyo pamoja na cheti cha ukutani, alimpa simu bila kumtazama. Ndugu yake ndiye aliyemtengenezea mpango huo: bot ndani ya programu ya kutumiana ujumbe. Kila saa bot inauliza sukari ni ngapi. Aliye na Mzee anajibu namba. Bot inaiandika pamoja na saa, kisha inamtumia Pauline kule Syokimau anakoishi. Alikuwa akiangalia afya ya baba yake kama watu wengine wanavyoangalia matokeo ya mpira.

"Mwelu anasema alimkuta Mzee tayari haitiki alipoingia," Mbithe alisema.

"Mwelu atasema nini kingine?" Pauline alijibu. "Saa sita Mzee alikuwa na sita nukta tatu. Iko hapo. Jumapili hiyo nilikuwa nije. Nilikuwa nimevaa hadi viatu. Nikaona namba nzuri, nikasema acha nipumzike."

Mbithe alipandisha ujumbe juu kwa kidole gumba. Namba za siku za kazi zilikuwa na sura mbaya. Nne na kitu, kumi na moja, tisa, nane, kumi na mbili siku kulipokuwa na mgeni aliyekuja na keki. Zilipanda na kushuka kama mbuzi kwenye vilima vya Iveti. Halafu ikaja Jumapili, na mbuzi wote wakajipanga mstari: sita nukta moja, tano nukta tisa, sita, sita nukta tatu. Jumapili iliyotangulia vivyo hivyo. Na nyingine nyuma yake.

"Mzee alikuwa mcha Mungu sana," Mbithe alisema. "Mpaka sukari yake ilikuwa ikitulia siku ya Bwana."

Pauline alichukua simu yake akaingia ndani.

Mzee wa kanisa aliyeitwa Mutuku alimpokea Mbithe mlangoni mwa jengo la mabati, akiwa na funguo zilizoning'inia shingoni kama ushahidi wa cheo chake. Alikuwa mtu wa maneno mengi na yote kuhusu yeye mwenyewe. Mbithe alimwachia ajisifu, kwa sababu mtu anayejisifu hahitaji kuulizwa, unasimama tu na kukinga bakuli. Ni yeye, Mutuku, aliyekomesha simu kulia katikati ya maombi. Kila anayeingia, hata mgeni, hata mheshimiwa, anaweka simu kwenye beseni mlangoni. Mutuku anahakikisha imezimwa, anaweka beseni ndani ya chumba cha vyombo vya muziki, anafunga. Hakuna anayepewa kabla ya baraka ya mwisho. Mwaka jana mbunge mmoja alikasirika akaondoka. Mutuku alilisimulia hilo kama ushindi wa vita.

"Na wapiga vinanda pia?"

"Hao ndio wa kwanza. Kimeu hufika mapema kufunga spika. Jumapili nilichukua simu yake nikiwa bado sijanywa chai. Nilimrudishia akiwa amebeba jogoo."

"Hakutoka katikati?"

"Atoke aende wapi na yeye ndiye kinanda?" Mutuku alimtazama kwa huruma, kama mtu anayezungumza na mjinga wa serikali.

Kwa hiyo simu iliyotuma namba za sukari asubuhi yote ilikuwa imezimwa, imelala ndani ya beseni, chini ya simu ya pasta. Na mkono uliodai kudunga kidole cha Mzee ulikuwa ukipiga kinanda.

Mbithe alirudi mjini na kumweleza Muema. Muema alikuwa akinywa chai. Alikuwa mtu wa kunywa chai wakati wowote ambao hakuwa akinywa maziwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mdomo, akasema kwamba watu wa kanisa hupenda kusifiana na pengine kijana alitoka na kurudi, na pengine beseni lina mlango wa nyuma.

"Mbithe, namba haziendi kanisani. Namba zilitumwa. Zina saa. Wewe niambie ni nani alizituma, kama si yeye akiwa nyumbani. Usiponiambia kufikia saa nane, huyu mama anapanda gari."

"Unataka kuambiwa na nani, bosi? Na mimi ama na injinia mwenyewe?"

Muema alicheka. Mbithe aliomba ruhusa ya kuiunganisha namba ya simu ya bosi na jambo dogo la kituo. Muema, ambaye hakuwahi kukataa jambo asilolielewa, alikubali.

Kimeu alifika kabla ya chakula cha mchana, na kompyuta yake begani kama alivyoombwa. Alikuwa amevaa shati jeusi la msiba na miwani ya jua. Mbithe hakumtajia jogoo wala beseni. Alimpa kiti kizuri. Alimwomba radhi kwa kumsumbua wakati wa huzuni, akasema shida ni kwamba yeye ni mtu wa zamani, na kule kortini wataulizwa hiyo bot ni mnyama gani, na hakuna mtu kituoni anayejua hata kuandika barua pepe bila kupiga simu kuuliza kama imefika. Angependa aione ikitengenezwa mbele ya macho yake. Ndogo tu. Tuseme ya kuhesabu vikombe vya chai vya bosi, kwa kuwa daktari amemwambia apunguze.

Kimeu alivua miwani. Hakuna kitu kilichomfanya mtu huyo kuchangamka kama mjinga aliye tayari kufundishwa.

"Hiyo ni kitu rahisi sana, madam. Hata mtoto."

"Basi nifanye mtoto."

Alieleza huku vidole vikikimbia. Kwanza unaisajili bot na kuipa jina. Unapewa ufunguo, mrundo wa herufi usio na maana, ambao usimwonyeshe mtu. Halafu mistari michache: ikifika saa fulani, uliza. Ukijibiwa namba, iweke kwenye jedwali pamoja na saa. Ukimaliza, mtumie yule anayefuatilia. Ni kama karani, alisema, karani asiyelala, asiyeibia ofisi, na asiyeomba ruhusa ya kwenda msibani. Alisema hilo na hakusikia alichosema. Mbithe aliuliza maswali ya kijinga, moja baada ya lingine, na kwa kila swali Kimeu alipanda daraja. Mara akawa anasema "sisi watu wa mifumo." Mara akawa anaeleza kwamba shida ya Machakos si pesa, ni akili.

Bot ilikuwa tayari. Simu ya Mbithe iliuliza: Vikombe? Akajibu moja. Ikaandika moja.

"Maajabu," Mbithe alisema. "Lakini injinia, kuna siku niko shambani Kithyoko, ama nimelala tu. Sitajibu. Bosi ataona pengo, aanze kupiga kelele. Bot yako haina huruma?"

Kimeu alitabasamu kama muuza nguo anayetoa ile nyingine iliyo chini ya kaunta.

"Hiyo watu wote huulizanga. Ngoja."

Alifungua faili jingine kwenye kompyuta yake, la siku nyingi. Alikata kipande kirefu, akakibandika kwenye bot mpya. Akafuta neno moja mwanzoni na kuandika "Vikombe." Halafu akaegemea nyuma.

"Sasa ukinyamaza, inajijibu yenyewe. Inachagua namba karibu na zile za kawaida, haiwezi kurudia moja mara mbili, ndiyo isionekane. Boss anafurahi, wewe unalala."

"Lazima simu yangu iwe imewashwa?"

"Hata ukiizima. Hata ukiitupa kwa choo. Iko huko mtandaoni, inajiendesha."

"Nani atajua?"

"Hakuna mtu anaweza jua."

Mbithe alimwomba apunguze muda wa kungoja ili waone. Simu ikauliza: Vikombe? Mbithe akaweka mikono yake mezani, mmoja juu ya mwingine, akatazama dirisha. Kimeu akatazama simu. Walikaa hivyo kama watu wanaongoja mbegu iote.

Mlango wa ofisi ya bosi ulifunguliwa. Muema alitoka, kikombe mkono mmoja, simu mkono mwingine iliyonyooshwa mbali na macho.

"Nani ameandika huu upuzi? Nimekunywa vikombe sita nukta moja? Hiki ni cha pili na sijakimaliza. Na hiyo nukta moja mmeipima na nini, kifuniko?"

"Soma yote, bosi," Mbithe alisema.

"'Vikombe: 6.1. Mzee amekula vizuri, amepumzika.'" Muema alishusha simu. "Mzee ni nani? Nani hapa ananiita mzee?"

Kimeu alinyoosha mkono kuelekea kompyuta. Mbithe aliivuta upande wake kabla mkono haujafika, kwa upole, kama mtu anayemwondolea mgeni sahani.

Alimwita Pauline, ambaye pia alikuwa amemwomba aje, naye alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, akamwomba afungue simu yake na asome ujumbe wa kwanza wa Jumapili. Pauline hakuelewa, lakini alisoma. Sukari: 6.1. Mzee amekula vizuri, amepumzika. Mbithe akamwomba Muema asome wake tena. Muema alisoma polepole. Alipofika kwenye neno "amepumzika" sauti yake ilikuwa imepungua, na chai ilikuwa ikimwagika kidogo kidogo kwenye kiatu chake bila yeye kujua.

"Kumbe Mzee Jeremiah na bosi wetu wana sukari moja," Mbithe alisema. "Ama wana karani mmoja."

Kimeu alisema ile ilikuwa ya dharura. Ya kujaza pengo tu. Kila mfumo una kitu kama hicho. Alisema kwa kasi, akitumia maneno makubwa, na kila neno kubwa lilizidi kumfanya mdogo. Mbithe aligeuza kompyuta na kumwonyesha Muema faili lile la siku nyingi: halikuwa limeandikwa kwa dharura, lilikuwa limeandikwa kwa Jumapili. Jina lake lilikuwa Jumapili. Halafu akaweka mezani picha ya mguu wa jogoo na maneno ya Mutuku. Muema alitazama picha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mashine ya kupimia ilikuwa kwenye mkoba wa kinanda. Kimeu alikiri mwenyewe kwamba aliificha humo. Mashine huweka kumbukumbu ya vipimo, na alikubali kwamba kipimo cha mwisho kilikuwa cha Jumamosi jioni, cha mkono wa Mwelu.

"Nilikuwa nikisomewa hiyo namba kama mtoto anayesomewa hadithi," Pauline alisema. Hakuwa akimwambia yeyote. Kisha akamgeukia ndugu yake. "Nilikuwa nimevaa viatu, Kimeu."

"Sikumuua baba."

"Asubuhi ulimchoma sindano?" Mbithe aliuliza.

"Alfajiri, kama kawaida. Kipimo kilekile. Muulizeni Mwelu, ndiye alinionyesha."

"Ukamchoma, ukaenda kufunga spika. Insulini bila chakula huangusha sukari. Alikula?"

"Nilimwachia uji. Nilimwekea kwa ile chupa ya chai, moto, kando ya kiti chake. Alikuwa tu anyooshe mkono." Kimeu alitazama uso mmoja baada ya mwingine, akitafuta mtu wa kukubaliana naye. "Hata nilijaza. Uji ulikuwa hapo. Kama hakukunywa, hiyo ni mimi?"

Kwa mara ya kwanza tangu Mbithe amfahamu, Muema alionekana kufikiri bila kikombe mdomoni. Uji uliokuwa hapo ni kitu ambacho wakili anaweza kusimama nacho. Mtu mzima, akili zake timamu, chakula mkononi, hakutaka kula. Mbithe aliona hoja hiyo ikikua kwenye uso wa Kimeu, mgongo wake ukinyooka.

Mbithe alitoka akaenda mahabusu mwenyewe.

Mwelu aliletwa bila viatu, kitambaa cha kichwa mkononi. Alipomwona Pauline alisimama mbali naye, karibu na ukuta. Mbithe alimwambia kwamba kuna maneno machache tu, na kwamba safari ya kortini huenda ikabadilisha abiria. Mwelu hakutabasamu. Mbithe alimuuliza kuhusu chupa ya uji.

"Niliikuta kando ya kiti," Mwelu alisema. "Imejaa."

"Kwa nini hukusema hivyo kwenye taarifa?"

Mwelu alimtazama Muema, halafu akatazama sakafu. "Niliulizwa sindano tu. Sikuulizwa uji."

Muema aligundua kiatu chake.

"Basi alikataa kula," Kimeu alisema. "Si mmesikia? Imejaa."

"Ile chupa ina kifuniko cha kuzungusha na kukaza," Mwelu alisema. Aliongea na Pauline sasa, kama anayempa maagizo ya siku ambayo hatakuwepo. "Mikono ya Mzee ilikataa tangu mwaka jana. Shati nilikuwa namfunga vifungo mimi. Kikombe nilikuwa nakishika mimi. Hiyo chupa hata mimi hunisumbua. Kila mtu wa hiyo nyumba anajua, mwaitu. Kila mtu anayekaa hapo."

Hakuna aliyemwangalia Kimeu. Yeye mwenyewe aliangalia mikono yake, iliyokuwa mizima, yenye kucha safi za mpiga kinanda.

"Kwa hivyo alikaa na njaa akiangalia," Pauline alisema.

Mwelu alikunja kitambaa, akakikunjua.

"Hakukaa tu. Alijaribu na meno," alisema. "Kifuniko kiko na alama. Sijaiosha hiyo chupa, afande. Nilikuwa nataka mtu aniulize."

Mbithe alichukua ufunguo wa gari mezani ili akaichukue chupa. Muema alikuwa tayari amelivuta jalada, na alikuwa akikata jina la juu kwa mstari mmoja mzito.